Oili Inapita Njia Gani?

Kuna maneno manne ambayo yamewamalizia watu akiba zao kwenye gereji zetu, na jioni hii ningependa tuyakalishe chini tuyahoji. Maneno yenyewe ni haya: "Bosi, hizo ni ringi."

Mara nyingi husemwa miezi miwili mitatu baada ya injini kufanyiwa ovaholi. Mwenye gari ameshalipa. Amenunua pistoni, ringi, beringi na seti nzima ya gasketi. Bloku imekwenda kuchongwa ikarudi. Fundi ameifunga, imewaka, na kila mtu pale gereji amefurahi. Halafu asubuhi moja anavuta dipstiki, oili iko chini ya alama. Anaongeza lita moja. Haujapita muda, anaongeza nyingine. Anarudi kwa fundi, fundi anazunguka nyuma ya gari, anaona moshi wa bluu, na hukumu inatoka pale pale injini ikiwa bado inaunguruma: ringi hizo, tushushe tena.

Inawezekana kweli ni ringi. Lakini oili ina njia nyingi za kutokea kwenye injini, na kuifungua injini kabla ya kujua oili inapita njia ipi ni kumlipisha mtu mara ya pili kwa kazi ya kubahatisha. Tena mara nyingi injini hiyo hufungwa upya ikiwa na ugonjwa ule ule, kwa sababu hakuna aliyeutafuta. Hilo linaniuma, kwa ajili ya mwenye gari na kwa ajili ya fundi pia, maana jina la fundi huharibika mtaani kwa kosa ambalo huenda si lake.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue injini moja: 22R ya Toyota, ile ya petroli na kabureta iliyokuja kwenye Hilux za miaka ya 1980. Silinda nne, ujazo wa cc 2366, kila silinda kipenyo cha mm 92, bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Ni injini ngumu, iliyobeba mizigo kwenye barabara mbaya kwa miaka mingi, na kwa umri wake karibu kila moja unayokutana nayo leo imeshafunguliwa walau mara moja.

Kitu cha kwanza ni kujua inakula kiasi gani. "Inakula sana" si kipimo. Vitabu vya Toyota vya enzi hizo viliweka mpaka wa lita moja kwa kilomita 1,000, na injini iliyotoka ovaholi ina ruhusa ya kula zaidi kidogo mwanzoni, wakati ringi na ukuta wa silinda vinazoeana. Basi simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kumi oili ishuke yote kwenye sampu, futa dipstiki, rudisha, soma. Jaza mpaka alama ya juu, wala usipitishe: oili ikizidi, krenki huipiga na kuirusha juu kwenye kuta za silinda kuliko ringi zinavyoweza kuikwangua, na wewe mwenyewe utakuwa umeutengeneza ugonjwa unaoutafuta. Kisha andika kilomita. Kama kihesabio cha kilomita kimekufa, na kwenye magari ya umri huu mara nyingi kimekufa, tumia safari unayoijua. Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Ukienda na kurudi mara tatu umeshapita 1,100. Rudi kwenye tambarare ile ile, pima, andika.

Wakati unapima, chunguza kama oili inaunguzwa au inavuja. Watu hudharau uvujaji kwa kuwa hawaoni dimbwi chini ya gari. Fanya hesabu nami. Tone moja la oili ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, kwa hiyo lita moja ina matone kama 20,000. Kilomita 1,000 ni mita milioni moja. Gawanya: tone moja kila mita 50 ni lita nzima kwa kilomita 1,000. Na sili ya nyuma ya krenki inaweza kabisa kuvujisha tone kila mita 50 gari likikimbia, halafu usiku isidondoshe kitu. Osha injini vizuri kwa chini na kwa juu, endesha nusu siku, lala chini utazame: mbele kwenye puli, nyuma pale injini inapokutana na giaboksi, pembeni ya tapeti kava, mahali pampu ya mafuta inapokaa.

Na hiyo pampu ya mafuta tuitaje vizuri zaidi, kwa sababu kwenye 22R ina mkono unaosukumwa na injini yenyewe, na ndani yake kuna ngozi ya mpira. Ngozi ikitoboka, petroli inaingia kwenye oili. Hapo mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Oili inakuwa nyepesi na kuosha kuta za silinda, huku kiwango kwenye dipstiki kikionekana hakishuki, kwa kuwa petroli inajaza pengo. Kwa hiyo nusa dipstiki. Oili yenye harufu ya petroli haipimiki wala haiaminiki. Tengeneza kwanza pampu au kabureta, mwaga oili hiyo, weka mpya, ndipo uanze kuhesabu upya.

Kuna pia bomba la kupumulia. Hakuna injini ambayo ringi zake hazipitishi hewa hata kidogo, na hewa hiyo lazima itoke. Kwenye 22R inatoka kwenye tapeti kava, inapita kwenye vali ndogo, inavutwa na kurudi kuunguzwa. Vali hiyo ikikwama wazi, au ile sahani ya ndani ya kava inayozuia mrusho wa oili ikiwa haikurudishwa siku ya ovaholi, injini inainywa oili yake yenyewe kwa kupitia bomba la mpira, na ringi hazina habari. Jaribio lake ni rahisi sana. Chomoa bomba, ziba tundu la upande wa kabureta, elekeza bomba kwenye chupa iliyofungwa vizuri pembeni isiyozuia pumzi, endesha siku moja. Chupa ikikusanya oili ya kueleweka na moshi ukapungua, umepata jibu. Jiulize ni injini ngapi zimeshushwa kwa ajili ya kipande hicho.

Sasa tuje kwenye moshi, maana moshi unasema mengi ukiupa nafasi. Mweusi ni mafuta mengi, tuuache. Mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, na maji yanapungua kwenye rejeta, ni habari ya gasketi ya hedi. Wa bluu ndio wetu, na swali si kama upo. Swali ni unatoka saa ngapi.

Gari lililolala likiwashwa asubuhi, likatoa wingu la bluu kwa muda mfupi kisha likasafika, shuku sili za vali, vile vikofia vya mpira vinavyokaa shingoni mwa vali. Usiku kucha oili iliyobaki juu ya hedi imekuwa ikiteremka taratibu kwenye mguu wa vali na kukusanyika juu ya pistoni. Jaribio la pili linahitaji mteremko mrefu. Wanaopita Kitonga, mkoani Iringa, wanao mteremko unaofaa. Unateremka kwa gia ya chini, umeachia mafuta kabisa. Kilango cha kabureta kimefungwa, pistoni zinavuta hewa isiyopita, na ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto mkali. Mvuto huo unanyonya oili popote penye mwanya. Ukifika chini, kanyaga mafuta huku mwenzako akitazama nyuma. Wingu la bluu likitoka hapo, na barabarani kwenye tambarare gari halitoi moshi, ushahidi unazidi kuelekea kwenye vali: sili zake, au yale mabomba madogo yanayoongoza mguu wa vali, yaliyolika. Lakini moshi ukitoka mteremkoni, ukatoka unapopanda na mzigo, ukatoka hata kwenye mwendo wa kawaida, hapo sikatai, macho yaende kwenye ringi. Usitumie mteremko peke yake kutoa hukumu, kwa sababu ringi mbovu nazo hunyonywa na mvuto ule ule.

Toa plagi zote nne uzipange kwa mfuatano wa silinda. Moja ikiwa nyeusi yenye unyevu wa oili na tatu ni kavu, tatizo lina anwani: ringi iliyovunjika kwenye silinda hiyo, au vali yake. Zote nne zikiwa zimelowa, tafuta sababu inayozigusa zote: bomba la kupumulia, uchongaji, au namna injini ilivyozoeshwa.

Ndipo tunafika kwenye kipimo cha kompresheni, ambacho kimewaponza mafundi wazuri, na hapa naomba uniazime masikio zaidi. Kinafanywa injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, betri ina nguvu. 22R yenye afya inatoa karibu psi 170. Chini ya 140 si nzuri. Silinda ikisoma chini, unatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: namba ikipanda sana, hewa ilikuwa inapita kwenye ringi, isipopanda, inapita kwenye vali. Hadi hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza silinda zote nne zinaposoma 165, na mtu anasema, basi ringi ni nzima, tatizo si ringi. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndizo zinazozuia hewa. Ya tatu, ya chini, kazi yake ni kukwangua oili kutoka kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha sampu. Haizuii hewa, na mita ya kompresheni haiijui kabisa. Ringi hiyo inaweza kuwa imekufa, imeganda kwenye mfereji wake au imefungwa vibaya, na mita ikakupa namba za kupendeza. Kibaya zaidi, oili iliyojaa ndani ya silinda inaziba mianya na kuipandisha namba. Kwa hiyo injini inayokula oili kupita kiasi inaweza kusoma vizuri kwa sababu hiyo hiyo kwamba inakula oili. Kompresheni ndogo ni ushahidi dhidi ya ringi za juu au vali. Kompresheni kubwa haimwachii mtu huru.

Ringi ya tatu, basi, unaifikia kwa kuwaondoa watuhumiwa wengine mmoja mmoja. Injini haivuji, bomba la kupumulia ni kavu, sili za vali ni mpya na nzima, moshi uko wakati wote na plagi zote zimelowa. Hapo ndipo injini ishuke, na mtu anaishusha akijua anakwenda kutafuta nini.

Na atafute nini? Kwanza, jinsi ringi zilivyokaa. Ringi ya pili ina upande wa juu na upande wa chini. Kuna nukta au herufi iliyochapwa inayotakiwa kutazama juu. Ikigeuzwa, inakwangua oili kuipeleka juu, na hakuna mita itakayokwambia. Ringi ya oili kwenye injini kama hizi ni vipande vitatu: vyuma viwili vyembamba na springi ya katikati inayovisukuma kwenye ukuta. Ncha za springi hiyo zinatakiwa zigusane uso kwa uso. Zikipandana, springi inakuwa fupi, nguvu inakwisha, na injini itakula oili tangu siku ya kwanza. Utasikia pia watu wakisema midomo ya ringi imejipanga mstari mmoja. Sipendi kuipa uzito sababu hiyo, kwa kuwa ringi huzunguka zenyewe injini inapofanya kazi. Fundi azitawanye wakati wa kufunga, lakini asiifanye ndiyo kisingizio.

Pili, silinda yenyewe. Kuna ovaholi zinazoitwa ovaholi wakati kilichofanyika ni kutia ringi mpya kwenye silinda ya zamani. Silinda hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeuzia safari, kuliko chini. Ringi mpya, ambayo ni duara sahihi, inalazimika kupanuka na kubana kila pistoni inapopanda na kushuka. Kuna njia ya kupima hilo bila mashine ya bei kubwa. Chukua ringi moja, iingize kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mdomo wake kwa fila geji sehemu iliyolika, kisha chini kabisa. Tofauti ya vipimo viwili gawanya kwa 3.14: hiyo ndiyo tofauti ya kipenyo. Tofauti ya 0.2 mm, ambayo ni mpaka wa Toyota kwa injini nyingi za wakati ule, inaonekana kwenye mdomo wa ringi kama 0.63 mm. Fila geji yoyote inaiona. Na kama silinda imevuka mpaka, hakuna ringi ya kuiokoa. Ichongwe, pistoni kubwa zaidi zinunuliwe, 0.50 au 1.00 kama ilivyo dukani.

Tatu, kuosha. Baada ya kuchongwa, ukuta wa silinda hupitishwa mawe ya kusugua yanayoacha mikwaruzo myembamba iliyokatizana. Mikwaruzo hiyo ni ya lazima, ndiyo inayoshika oili na kuzisaidia ringi kujikalia. Lakini ndani yake kunabaki unga wa jiwe. Gereji nyingi huosha bloku kwa dizeli au mafuta ya taa, inang'aa, inafungwa. Dizeli inaondoa grisi na kuuacha unga mle mle. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni na brashi, kusugua na kurudia, kisha kitambaa cheupe chenye oili safi kidogo. Kitambaa kikitoka na ukijivu, kazi bado. Injini iliyofungwa na unga ule inasaga ringi zake mpya kwa kilomita chache, na fundi aliyefunga kwa mikono safi atalaumiwa kwa uchafu wa ndani ya bloku. Mwenza wa unga huo ni vumbi la barabara: bomba lililopasuka kati ya chujio la hewa na kabureta linafanya kazi hiyo hiyo. Pitisha kidole ndani ya bomba hilo baada ya chujio. Kikitoka na vumbi, ringi utakazoweka zitakufa kama zilizotangulia.

Nne ni mazoea ambayo natamani yafe leo: kuiacha injini mpya iungurume sailensa, bila mzigo, kutwa nzima ili izoee. Ringi haziwi nzima kwa sailensa. Kinachozikandamiza kwenye ukuta ni shinikizo la moto kutoka juu, linaloingia nyuma ya ringi, na shinikizo hilo linakuja na mzigo. Kwenye sailensa ringi zinateleza tu, oili inaungua taratibu ukutani na kuacha utando mgumu unaong'aa kama kioo. Mikwaruzo ikishazibwa hivyo, ringi haziwezi tena kujikalia. Injini ikiwaka, hakikisha oili inapanda na maji hayavuji, halafu ingia barabarani: kanyaga mafuta kwa nguvu ya wastani, achia, kanyaga tena, mwendo ubadilike, bila kuichosha. Oili ya kwanza imwagwe mapema, ndani ya kilomita mia chache. Ikiwa injini imeanza kula oili na bado ni mpya, safari chache za namna hiyo zenye mzigo wakati mwingine zinaitibu; utando ukiwa mkongwe, itabidi mawe yapite tena.

Wenye dizeli, nanyi siwasahau. Dizeli za zamani kama 2L na 3L hazina kilango cha kubana hewa, kwa hiyo mvuto ule wa mteremkoni ni mdogo sana na sili za vali hazina lawama kubwa. Kwenu tazameni zaidi ringi, silinda na pumzi, na kama kuna tabo, mabomba yake. Sailensa ndefu inaziumiza dizeli kuliko petroli.

Ikiwa ushahidi umeelekea kwenye sili za vali, usikubali hedi ishuke haraka hivyo. Kwenye injini ambayo roka zake hazishikiliwi na bolti za hedi (22R si mojawapo, zake zinashikiliwa nazo), fundi anaweza kuingiza kamba safi kwenye tundu la plagi, akazungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni iibane kamba juu, vali zikashikiliwa zisidondoke, akafungua springi na kubadilisha sili hedi ikiwa mahali pake. Aikumbuke ncha ya kamba ibaki nje. Na sili mpya ipakwe oili, ipitishwe taratibu kwenye ile mifereji ya juu ya vali, kwa maana kingo zake zinachana mpira, na sili iliyochanika siku ya kwanza ni sawa na isiyokuwepo. Ni kazi ya siku moja, na baada yake mteremko ule ule utatoa jibu.

Na ikiwa kweli injini imelazimika kushuka, mwenye gari, omba uwepo siku hiyo. Pistoni zikitoka, kila moja ibaki na ringi zake, iandikwe namba ya silinda, na picha ipigwe kabla ya mtu kugusa springi ya ringi ya oili. Vipimo vya kila silinda, juu, katikati na chini, viandikwe kwenye karatasi: moja ibaki gereji, moja uende nayo, na mchongaji apewe ya tatu. Injini ikirudi, vipimo vipya viandikwe pembeni ya vile vya zamani, pamoja na mwanya wa mdomo wa kila ringi. Kwa silinda ya mm 92, mwanya wa ringi ya juu ulio karibu na 0.4 mm ni wa kawaida. Ringi za zamani usizitupe mpaka injini imeshapita kilomita 1,000 za kwanza na umepima oili tena.